Mkataba wa Wiki Mbili Mbili

Mara ya kwanza kumwona yule meneja wa ushirika wa maziwa, alikuwa amevaa gambuti na alikuwa akigombana na dereva wa lori. Mimi nilikuwa nimetoka Nakuru mjini asubuhi hiyo na viatu vyangu vya ofisini, na kule juu upande wa Molo mvua ilikuwa imenyesha hadi barabara ikawa uji. Nilisimama langoni mwa kituo cha kupozea maziwa nikingoja wamalize. Dereva alikuwa amechelewa kuchukua maziwa barabarani, na ya wakulima kadhaa yalikuwa yamechachuka. Alitaka wakulima ndio wakatwe pesa. Meneja hakupaza sauti.

"Ng'ombe hakuchelewa," alimwambia. "Wewe ndio ulichelewa."

Dereva akaenda zake akinung'unika. Meneja akanigeukia, akaangalia viatu vyangu, akacheka kidogo.

"Wewe ndio mtu wa kompyuta?"

"Si wa kompyuta hasa, madam. Mimi ni wa mikataba na bajeti. Watu wa kompyuta watakuja nyuma."

"Basi wewe ndiye nilikuwa nataka. Hao wengine tutawaita tukishajua tunataka nini."

Nimefanya kazi na wateja wengi, na ninaweza kusema hakuna mwingine aliyewahi kuanza na maneno hayo. Wengi huanza na picha. Wameona programu fulani kwenye simu ya mtu Nairobi, wanataka kama hiyo, na wanataka uwaambie bei kabla chai haijapoa.

Ofisi yetu ilikuwa orofani, juu ya duka la vipuri vya magari, hatua chache kutoka barabara kuu ya Nakuru. Bosi wetu alikuwa ameanza kwa kutengeneza kompyuta mbovu za saiba, vile vibanda vya intaneti, akapanda polepole, akaajiri mwandishi wa programu mmoja, halafu wengine, halafu akaniajiri mimi niwe kati ya wateja na hao vijana wake. Babu yangu alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli. Baba alifanya kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Mimi nilipopata kiti kinachozunguka, mama alikuja ofisini siku moja kukiangalia tu, akakizungusha kwa mkono, akaenda zake nyumbani ameridhika.

Kazi yangu ilikuwa ngumu kumweleza mama. Mteja ana pesa kiasi fulani na ana shida. Waandishi wa programu wana muda kiasi fulani. Mimi naandika mkataba unaosema pesa hizo zitanunua nini, halafu nahakikisha pande zote mbili hazitafutani kwa mawakili kabla ya kazi kuisha. Mkataba wa kawaida huorodhesha kila kitu tangu mwanzo, na bei moja chini yake. Unaonekana salama sana. Shida ni kwamba mwanzoni ndio wakati ambapo hakuna mtu anayejua chochote, si mteja, si sisi, na mnafunga miaka yenu kwa yale mliyoyadhania siku ya kwanza.

Kwa hiyo kwa ushirika ule nilipendekeza mtindo mwingine. Kwenye kazi yetu tunauita agile, lakini neno hilo sikulitumia kule Molo. Nilimwambia meneja tu kwamba tungefanya vipande vipande, kila kipande wiki mbili. Mwanzo wa kipande tunakubaliana kitakachotengenezwa. Mwisho wake wanakiona kwa macho, wanakijaribu kwa mikono yao, wanakilipia hicho, halafu tunaamua kinachofuata. Bajeti ina kikomo ambacho hakivukwi. Wakichoka nasi katikati, wanasimama hapo na hawadaiwi zaidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na nikigundua katikati nilikuwa nataka kitu isiyo na maana?"

"Tunakiondoa, tunaweka chenye maana mahali pake. Pesa ni ileile."

"Haiya," alisema. "Kumbe hata nyinyi mnajua watu hukosea."

Alienda kulipigania hilo mbele ya kamati yake. Mwenyekiti wa wakati huo alikuwa mzee mpole aliyekuwa akingoja kustaafu, na alimwamini meneja kwa sababu tangu aje, wakulima walikuwa wakilipwa kabla ya tarehe kumi na tano. Wakatia sahihi. Niliporudi mjini jioni hiyo nilihisi nimefanya kazi safi. Ninaikumbuka hisia hiyo kwa sababu sijaipata tena.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, na inaniuma zaidi kuisimulia kuliko mibaya. Tulianza na kupima. Wakulima wengi walikuwa wakilalamika kwamba kilo walizotoa asubuhi hazikuwa zile zilizoandikwa mwisho wa mwezi, na meneja alisema hapo ndipo penye uchungu, hapo ndipo tuanzie. Mwandishi wa programu tuliyempa kazi hiyo alikuwa binti mkimya, anayevaa kofia ya sweta kichwani hata ndani ya nyumba. Katika kipande cha pili nilimpandisha mlimani aone vituo kwa macho yake. Tulisimama kwenye kituo kimoja cha barabarani, kibanda cha mbao tu juu ya kilima, ukungu mpaka huoni ng'ombe ng'ambo ya barabara. Mpimaji aliweka maziwa kwenye mizani, akabonyeza simu tuliyompa, akangoja. Akainua simu juu. Akazunguka nyuma ya kibanda. Foleni ya wakulima ikawa ndefu.

"Network huku ni ya kubahatisha," akatuambia, kama anayeomba radhi kwa niaba ya kilima.

 Siku iliyofuata binti wa programu alikuja kwenye meza yangu. "Ile tumetengeneza haitafanya kazi. Lazima iandike kwa simu yenyewe kwanza, halafu itume ikipata network. Ni kazi kubwa."

Kazi kubwa maana yake ni pesa, na pesa zilikuwa na kikomo. Nikampigia meneja. Nilijiandaa kwa ugomvi. Badala yake aliniuliza ni nini kingine kilichobaki kwenye orodha ya matarajio tuliyoiambatisha na mkataba, nikamsomea. Nilipofika kwenye programu ya simu ya wakulima, ile yenye picha na bei za malisho na ukurasa wa salamu za mwenyekiti, akanikatiza.

"Hiyo toa."

"Yote?"

"Mkulima wangu ana mulika mwizi, kasimu ka tochi. Hiyo picha ataionea wapi? Toa hiyo, weka hii ya network. Na mkulima apate meseji ya kilo zake kabla hajafika nyumbani. Hiyo tu. Hiyo ndio ataelewa."

Nikaandika mabadiliko, akatia sahihi, bosi wetu akatia sahihi, kazi ikaendelea. Hivyo ndivyo mtindo ule unavyotakiwa kuwa. Nilipanda kule tena siku ya kwanza ya zile meseji. Mama mmoja mkulima aliyekuwa amefunga leso kichwani alisoma simu yake, akaisoma tena, akaniambia, "Wameniandikia yote!" Alikuwa akicheka. Akamwonyesha jirani yake, jirani akatoa yake, na pale barabarani watu wakawa wanasomeana kilo kwa sauti. Meneja alisimama kando na gambuti zake, mikono mfukoni. Tulipokuwa tukishuka kwenda ofisini kwake aliniita dada kwa mara ya kwanza. Nami nikaacha kumwita madam.

Kisha ukaja uchaguzi wa ushirika.

Yule mzee mpole akastaafu. Mwenyekiti mpya alikuwa mfanyabiashara mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mtu wa kusalimia kila mtu kwa mikono miwili, mzungumzaji mzuri, mkarimu kwenye harambee. Alikuwa amefanya kampeni kwa swali moja: pesa zenu za kompyuta zilienda wapi? Watu huuliza kama alikuwa mwizi aliyetaka kuficha kitu. Sijawahi kuamini hivyo. Alikuwa amewaahidi watu kwamba kuna pesa zilizopotea, na baada ya kushinda, ilibidi pesa hizo zipotee.

Meneja alinipigia akacheka, akasema atamweleza tu, akipewa saa moja na kikombe cha chai atamweleza. Hakupewa saa moja. Aliitiwa mkutano mkuu wa wanachama, na mimi nikaalikwa kama mtu wa kampuni.

Siku mbili kabla, bosi wetu aliniita ofisini kwake. Aliniambia niende nijibu maswali yote kwa ukweli. Alisema na yeye angekuja. Nilishukuru. Nilidhani anakuja kusimama na mimi.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule, hema jeupe, viti vya plastiki, baridi ya kukata. Ulianza kwa maombi marefu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Wengine walikuwa wamekuja na watoto na madebe yao matupu, wametoka moja kwa moja kupeleka maziwa. Meneja alikaa mstari wa mbele peke yake. Viti vya upande wake wa kulia na kushoto vilibaki wazi, na hema lilikuwa limejaa.

Mwenyekiti alinikaribisha kwa heshima zote. Alinisifu. Alisema ni furaha kuona wasichana wetu wameendelea hivi. Halafu akainua nakala ya mkataba.

"Madam, mimi sijasoma mambo ya kompyuta. Nisaidie. Hapa mwanzo kulikuwa na programu ya simu ya wakulima. Si ndio?"

"Ilikuwa kwenye orodha ya mwanzo, ndio, lakini baadaye..."

"Iko?"

"Tulikubaliana kuiondoa ili tufanye..."

"Madam. Wakulima wako hapa wanataka kujua. Iko ama haiko?"

"Haiko."

Minong'ono ikapita kwenye hema kama upepo kwenye mahindi. Niliendelea kusema. Nilieleza kibanda cha mbao na ukungu na network, nilieleza meseji, nilisema pesa zilezile zilifanya kazi nyingine iliyokuwa na faida zaidi kwao, na kwamba hakuna hata shilingi iliyolipwa kabla ya kazi kuonekana. Nilisema wazi kwamba meneja wao aliwaokolea pesa. Nilisema hayo yote, na sauti haikutetemeka. Nalitaja hili kwa sababu kwa muda mrefu nilijiuliza kama ningesema vizuri zaidi mambo yangekuwa tofauti. Sasa najua hayangekuwa.

Mwenyekiti aliningoja nimalize, akifuatilia kwa kichwa kama anayekubali. Halafu akafungua ukurasa aliokuwa amekwisha kuukunja.

"Acha niwasomee," akawaambia watu. "Hii ni mkataba yenyewe, si maneno yangu. 'Kazi itakayofanywa itaamuliwa na pande zote mbili mwanzoni mwa kila wiki mbili.'"  Akawaangalia. "Nyinyi mkijenga nyumba, fundi anakuja, unampa pesa, halafu kila wiki mbili ndio anaamka kuamua atajenga nini?"

Hema lote lilicheka. Si kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliosikia baridi tangu asubuhi na sasa wamepata kitu cha kuwachangamsha. Yule mama wa leso alikuwa mstari wa tatu. Alicheka pia. Simu yake ilikuwa mkononi.

Sentensi ile niliiandika mimi. Niliikata mara nyingi ili iwe rahisi, mtu yeyote aielewe. Ilikuwa imeandikwa kuwalinda wao. Na hakuna jibu la haraka kwa mfano wa fundi. Nilikuwa na jibu refu, na jibu refu mbele ya hema lililocheka ni sawa na kukiri.

Bosi wetu akaomba nafasi ya kusema. Nilivuta pumzi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema mwenyekiti ana haki kabisa ya kuuliza, na uongozi mzuri ndio huo. Akasema kampuni yake ilifuata maagizo ya mteja katika kila hatua. "Maagizo yalitoka kwa meneja," alisema. "Sisi tulifanya tulichoambiwa."

Hakudanganya. Hilo ndilo siwezi kumsamehe. Kila neno lilikuwa la kweli.

Meneja hakugeuka kumwangalia. Aliulizwa kama ana la kusema, akasimama, akasema kilo zao wanazijua, wazisome. Akaketi. Wakapiga kura kwa mikono, abaki kazini au afukuzwe. Nilihesabu mikono ya kumtetea kwa sababu ilihesabika upesi, halafu nikatazama chini.

Tulirudi Nakuru kwenye gari la bosi. Tulipita Njoro. Karibu na njia panda nikamuuliza alijua tangu lini.

"Kujua nini?"

"Kwamba utasema hivyo."

Akaendesha kidogo. "Nilienda kumwona mwenyekiti wiki iliyopita. Anataka tuendelee. Mkataba mpya, bei moja, kila kitu kimeandikwa. Ile programu ya wakulima anaitaka, na picha zake."

"Ungeniambia."

"Ungeenda pale juu ukaseme vile ulisema, kama ningekuambia?"

"Hapana."

"Sasa?" Akapiga usukani kwa kiganja, si kwa nguvu. "Mtu mmoja wetu ilibidi aonekane mkweli. Wewe unafikiri mimi napenda? Nina watu wanangoja mshahara. Wewe ni mmoja wao."

Nilikuwa mmoja wao kweli. Nilikuwa na mtoto shuleni na nyumba ya kupanga Kiamunyi, na kazi kama yangu hazipatikani Nakuru kwa kuvuka barabara. Watu nikiwasimulia hapa hungoja niseme nilishuka kwenye gari nikatembea. Nilishuka stendi, nikanunua maziwa na mkate, nikaenda nyumbani. Jumatatu nilikuwa kazini.

Nikapewa mkataba mpya niusimamie.

Ulikuwa mkataba wa kupendeza kwa macho. Kila kitu kilikuwa na namba. Mwenyekiti aliutia sahihi mbele ya mpiga picha. Na kabla ya mwezi kuisha alianza kupiga simu. Rangi ya kijani haikuwa kijani aliyotaka. Kamati imeona bora kuwe na mahali pa wakulima kukopa malisho. Je, haiwezekani iseme kwa sauti, kwa wale wasioona vizuri? Kila mara nilimwambia kwa upole kwamba hayo hayamo kwenye mkataba, na kwamba kama anataka tuongeze, tutaongeza na bei.

"Lakini madam," aliniambia siku moja, na nadhani alikuwa akishangaa kwa kweli, "huko mwanzo mlikuwa mnabadilisha bila shida. Siku hizi mmekuwaje?"

 Nilipomweleza bosi, alisema tufanye tu, tusimuudhi. Kwa hiyo tukafanya bila malipo. Bei moja ililiwa na kazi zisizo na mwisho, na waliolipa tofauti ni wale vijana, kwa Jumamosi zao na Jumapili zao. Binti wa kofia ya sweta alivumilia, akavumilia, halafu akapata kazi ya kampuni ya nje ambayo aliifanyia nyumbani. Siku ya kuaga alikuja mezani kwangu. "Ile ya network isiguswe," alisema. "Mtu mwingine akiigusa ataiharibu. Waambie." Niliwaambia. Hawakuigusa, kwa sababu hakuna aliyeielewa.

Programu ya wakulima ilimalizika. Ilizinduliwa kwenye hema lilelile, au moja linalofanana nalo. Ina picha ya mwenyekiti akiwa amemshika ndama. Nilikuwa na njia ya kuona ni watu wangapi wanaifungua, na baada ya muda nikaacha kuangalia. Maziwa yaliendelea kupimwa kwenye vibanda vya mbao, meseji ziliendelea kwenda, na kwenye hotuba zake mwenyekiti alianza kuzitaja meseji hizo kama matunda ya uongozi wake. Watu walimpigia makofi. Walikuwa wamesahau, au hawakuwa wamejua kamwe, au walijua na haikuwa na faida kwao kukumbuka.

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Hapakuwa na ugomvi. Bosi alinifanyia kasherehe kadogo ka soda na keki, akanisifu, na maneno yake yalikuwa ya kweli kama kawaida yake.

Meneja alikuwa amehama. Dada yake wa kuzaliwa alikuwa na ploti Longonot, karibu na reli, na wakafungua hoteli ya chai na chapati kwa madereva na kwa wale wanaokuja kupanda mlima. Nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimeahirisha safari hiyo mara nyingi, kila mara kwa sababu nzuri. Vumbi la kule ni jeupe, linaingia mpaka kwenye meno. Nilimkuta akipanga kreti za soda. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia, akanipa kiti, akaniletea chai bila kuuliza kama nitakunywa.

Tuliongea kuhusu watoto. Tuliongea kuhusu bei ya unga. Mwisho nikamwambia lile nililokuja nalo: kwamba kama anataka kwenda mbele ya afisa wa kazi kudai haki yake, niko tayari kutoa ushahidi, sasa siko chini ya mtu, naweza kusema kila kitu.

"Ulishasema," alinijibu.

"Sikusema vya kutosha."

"Dada, ulisema vizuri. Walikusikia. Shida haikuwa kusikia." Alikuwa akifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Yule mama wa leso, unamkumbuka? Alinipigia baadaye. Aliniomba msamaha, kwa sauti ya chini kama mtu anaongea kanisani. Nikamwambia sawa. Halafu akaniuliza kama najua mahali anaweza kupata dawa ya kupe kwa bei nzuri."

Nilitaka kucheka, nikaona hacheki.

"Ile ya network," akauliza, "bado inafanya?"

"Bado inafanya."

Alitikisa kichwa kukubali. Wateja wawili waliingia, wamevaa viatu vya kupandia mlima, wakaomba maji baridi. Akainuka kuwahudumia. Nilingoja arudi tuendelee, lakini alibaki kule mbele akiongea nao, akiwaonyesha njia ya kufika langoni mwa mlima, akiwaambia waondoke mapema kabla jua halijawa kali. Nilimaliza chai yangu. Alipokuja kuchukua kikombe alikataa nilipe, na alikataa kwa ile sauti ya mwenye hoteli anayemkatalia mgeni, si ile aliyokuwa akitumia nami kule Molo. Tuliagana vizuri. Tumetumiana salamu za Krismasi. Sijarudi, na hajaniita.

Siku hizi ninafanya kazi peke yangu, nyumbani Kiamunyi, mezani karibu na dirisha. Ninawaandikia watu mikataba ya programu na kuwasimamia bajeti, na nina wateja wa kutosha. Wanasema mikataba yangu haina mwanya. Ni kweli. Imekuwa mirefu. Kila kitu kimo, na kila kisichomo kimeandikwa kwamba hakimo, na hakuna sentensi ndani yake ambayo mtu anaweza kuisoma kwenye hema watu wakacheka.

Mwaka jana alikuja mwenye zahanati ndogo mjini, kijana daktari, mwenye ndoto kubwa. Alitaka mfumo wa kupangia wagonjwa foleni na dawa. Alinieleza kwa nusu saa, akajikanusha mara tatu, akacheka mwenyewe.

"Ukweli ni kwamba sijui vizuri nataka nini," alisema. "Si tuanze na kitu kidogo, tuone wagonjwa wanaitumia vipi, halafu tuongeze?"

Hakujua alichokuwa akiniuliza. Nilimwangalia. Alikuwa na uso wa mtu ambaye mngefanya naye kazi vizuri sana.

"Hapana," nilimwambia. "Kaa chini uandike kila kitu kwanza. Vyote. Halafu nitakupa bei moja."

Alifikiri kidogo, akasema pengine mimi najua zaidi, mimi ndiye mwenye ujuzi. Akaenda, akarudi na orodha ndefu, tukaitia sahihi, vijana niliowatafuta wakaitengeneza yote, neno kwa neno. Nilipita zahanati hiyo mwezi uliopita nikiwa na mtoto mwenye kikohozi. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi na vipande vya kadibodi vyenye namba zilizoandikwa kwa kalamu. Kompyuta ilikuwa imezimwa, juu yake kumewekwa boksi la glavu. Daktari alinisalimia kwa furaha, akaona ninapoangalia, akaona aibu.

"Iko sawa kabisa," aliniambia upesi. "Mlifanya kila kitu nilichoandika. Ni vile tu..."

"Najua," nikamwambia.

Alimpima mtoto kifua, akamwandikia dawa, akatutakia siku njema. Malipo yake ya mwisho yalikuwa yameingia kwangu zamani, siku ileile iliyoandikwa.